Supu ya Mwani Asubuhi ya Usaili

"Umekula nini asubuhi?" mama aliuliza.

"Supu ya mwani."

Simu ilikuwa juu ya meza ya jikoni pale maabara, spika imewashwa, na Geonu alikuwa bado na kijiko mkononi. Nje ukungu umelala juu ya maji ya Hobart, Australia, mlima hauonekani kabisa, yaani asubuhi yenyewe ilikuwa kama mtu hajaamka vizuri. Saa sita angekaa mbele ya kompyuta, wakubwa wa taasisi moja ya Busan wamhoji. Wakimpitisha, basi, maisha ya Tasmania yamekwisha, anarudi Korea.

"Geonu. Una usaili leo, halafu unakula mwani?"

"Mama, mimi kazi yangu ni mwani. Nitauogopaje?"

"Mwani unateleza. Siku ya mtihani hauliwi, utateleza na wewe, hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Nani kakupa?"

"Daktari Haeyun wa hapa kazini. Kanipikia ya bethidei, si ndiyo desturi yetu?"

"Bethidei ipi? Ya leo ni ya pasipoti tu. Yako ya kweli, ya kalenda ya mwezi, bado. Huyo dada hakutakii mema, nakwambia."

Sasa huyo dada alikuwa amesimama pale pale kwenye sinki. Haeyun akaweka kitambaa, akatoka taratibu bila kumwangalia mtu.

Geonu akamuaga mama. Akabaki anaikodolea supu, ndipo likamjia. Mwaka jana Haeyun alimpikia tarehe anayoihesabu mama, si ya pasipoti. Anaijua. Hajakosea.

Hasira zikampanda. Miaka yote wamefanya kazi meza moja, wanaotesha upya misitu ya mwani iliyokufa kwa joto la bahari. Wenzao wa kisiwa cha Wando, Korea, wanawaelekeza kwa simu namna ya kuotesha miche kwenye uzi, wao wanawarudishia vipimo. Na habari za Busan, Haeyun hajawahi kuzipinga hata siku moja. Wasifu wa kazi wa Geonu aliusahihisha yeye. Majibu ya usaili aliyasikiliza yeye, akasema vizuri. Leo anamtega?

Akamkuta kwenye chumba chekundu. Ni chumba cha kulelea miche, michanga kiasi kwamba jicho haliioni, na taa ya mle ni nyekundu tu. Ukiingia, pampu zinaguna, chupa zinatoa mapovu, na kila mtu anaonekana kama yuko kwenye ndoto ya mtu mwingine.

"Bethidei yangu unaijua," Geonu alisema.

Haeyun hakugeuka. "Naijua."

"Basi ulitaka niteleze."

Mapovu yakapanda, yakapanda.

"Nilitaka," alisema. "Mimi na shahada zangu zote, nimesimama jikoni nakoroga ushirikina. Kila nikikoroga nasema, ateleze kidogo tu. Asiumie. Ateleze abaki."

"Na mdomo unao. Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Mama yako yuko peke yake kule. Kazi ile umeiota tangu chuo. Nikikwambia baki, ukabaki, siku ukinuna nitajua ni mimi. Supu hailaumiwi." Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Nenda bwana, utachelewa."

Geonu alitaka kumshika bega. Mkono ukafika katikati, ukarudi. Akaenda jikoni, akamaliza ile supu, mpaka iliyobaki kwenye sufuria, kisha akavaa tai.

Usaili ulikwenda vizuri mno. Walimuuliza joto la maji, akajibu, wakamuuliza miche, wakawa wanaitikia kwa vichwa wenyewe kwa raha. Mwishoni profesa mmoja mwanamama, ana sauti ya upole, akamwambia amekaa nje siku nyingi, anatarajia kurudi nyumbani lini?

Jibu la hilo alikuwa amelifanyia mazoezi. Likatoka jingine.

"Samahani profesa. Nadhani niko nyumbani."

Wakatazamana. Wakamshukuru. Kioo kikazima.

Haeyun alikuwa gatini, anavuta kamba yenye mwani majini. Ukungu umeanza kunyanyuka, bahari inang'aa kidogo kidogo kama inafikiria.

"Vipi?"

"Nimeteleza."

Akaiachia kamba. Akaanza kusema atawapigia Busan, atawaeleza, kosa ni lake.

"Utawaeleza supu?" Geonu akamkatiza. "Haeyun, hakuna aliyenisukuma. Nakupenda. Nilikuwa nasubiri wewe uniambie usiende, na wewe kila siku vizuri, vizuri, weka mkato hapa."

Haeyun akacheka huku analia, kamasi na kila kitu, na safari hii mkono wa Geonu ulifika.

Simu ikaita. Mama. Geonu akamwambia yote bila kuzunguka: hatarudi, anabaki, na ni nani anayemfanya abaki. Kule Tongyeong, kwa mama, televisheni ikazimwa.

"Yuko hapo? Mpe simu."

Haeyun akaipokea kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiyo supu ulitia nini?"

"Kitunguu saumu, mafuta ya ufuta. Na kome, mama. Kome wa huku huku."

"Kome. Kaila?"

"Kamaliza sufuria."

"Huyo hali kome. Tangu mdogo, akiwaona kwenye bakuli anakimbilia nje."

Haeyun akamgeukia Geonu. Geonu akatazama baharini, masikio mekundu.

"Mwezi ujao napanda ndege," mama akasema. "Ya bethidei yenyewe napika mimi, kwa nyama ya ng'ombe. Wewe utakaa pembeni uangalie."