Chupa Nambari Kumi na Nne

Wasomaji wenzangu, nina miaka sabini na saba. Shule niliishia darasa la pili, basi mnisamehe mwandiko.

Miaka ya tisini nilikaa Kibokoni, nikishona kofia kwa mkono. Ukuta kwa ukuta nami alikaa shoga yangu, Rukia binti Omari. Tulishona pamoja kibarazani kwake. Kisha baridi yabisi ikatushika sote wawili. Vidole vikavimba, sindano haishikiki... Mshonaji bila vidole ni nani?

Nesi Sidi wa zahanati yetu akatwambia kuna utafiti wa dawa hospitalini Tudor, wanataka wagonjwa wa kujitolea. Huko Daktari Karisa akatueleza kuwa maradhi yetu ni mwili kujipiga wenyewe. Wengine tungepewa dawa, wengine vidonge vitupu vinavyofanana nayo, na hata yeye hajui nani kapewa nini. Chupa zina nambari tu. Akatusihi kila mtu ameze vyake. Nikakubali, nikatia kidole gumba kwenye wino. Yangu kumi na nne, ya Rukia thelathini na moja.

Mwezi wa pili vidole vya Rukia vikanyooka! Vyangu vikabaki vimevimba. Mohamedi Twaha, mnunuzi wetu wa Marikiti, akawa ampa Rukia kazi zote. Akipita mlangoni kwangu hunitania: "Bi Zuhura, wewe kofia sasa utazivaa tu."

Nilicheka naye. Moyoni nilikuwa nawaka... Kwa nini dawa apate yeye? Mie nimemkosea nani?

Alasiri moja Rukia aliinuka kusali, akaniacha na kahawa. Chupa yake ilikuwa dirishani, yangu mkobani. Nikamwaga vidonge vyake kwenye leso, vyangu nikavitia chupani mwake, vyake nikavitia kwangu. Nikamsikia akitoa salamu. Aliporudi akaniongeza kahawa, akasema ameniombea dua.

Kila tulipopewa chupa mpya nilirudia. Rukia akazidi kupona. Mie vidole vikapinda kama kucha za kuku!

Utafiti ulipokwisha, bahasha zenye siri ya nambari zikafunguliwa. Kumi na nne ndiyo iliyokuwa na dawa... Yangu! Nesi Sidi akasema dawa ile huchukua miezi kufanya kazi, na kwamba maradhi haya huwa na siku za kutulia yenyewe. Karatasini wakaandika: aliyepewa dawa kapinda, asiyepewa kapona. Wagonjwa wangapi wangenyimwa dawa kwa uongo wangu?

Nilimwendea Rukia, nikamwambia yote. Alivaa buibui, tukaenda Tudor, nikasema tena mbele ya Daktari Karisa. Akazipiga mstari nambari zetu zote mbili, zisihesabiwe. Wenzetu wa utafiti wakaendelea kupewa dawa hata baada ya kwisha, sisi hatukuwamo.

Haukupita mwaka bila dawa, vidole vya Rukia vikapinda kama vyangu. Hapo ndipo aliponiuliza, kofia imemlalia mapajani na sindano imemshinda:

"Zuhura, si ungeniomba tu? Ningekupa."

Dada zangu, mkijitolea kwenye utafiti, meza kidonge chako, umwache mwenzio ameze chake. Na wivu ukikupanda, useme kwa mdomo angali hai mtu wa kukusikiza... Rukia ametangulia, kibarazani kwake sasa wanakaa wapangaji. Kofia yake ile ninayo. Vimebaki vitundu vichache vya kushona imalizike, wala siwezi kuimaliza.