Alama Chini ya Kishikio

Jioni ile mke wangu, Zarlakhta, alinituma dukani nikamwite mdogo wangu Baryal aje kula. Duka letu la bunduki liko mwisho wa mtaa. Umeme ulikuwa umekatika, mafundi wengi walikuwa wanafunga, na mmoja alikuwa juu ya paa akijaribu bunduki hewani, jambo ambalo hapa Darra, mji wetu wa kuunda bunduki, halimshtui hata kuku.

Kabla sijafika mlangoni nilisikia harufu.

Karafuu maiti.

Baryal alikuwa amekaa kando ya jiliwa la kubania vyuma, tupa mkononi. Mbele yake alikaa mzee nisiyemjua, amejifunika shali mpaka kidevuni. Baina yao kulikuwa na kitu kidogo cha alumini. Kilikuwa kibanio, kile kinachoshika miguu miwili ya bunduki chini ya mtutu. Vya zamani vilitaka bisibisi na subira. Hivi vya siku hizi vina kishikio pembeni. Unakisukuma kwa kidole gumba, tak, kimefunguka, miguu imetoka. Unakivuta, tak, kimefunga, imerudi palepale. Unaweza kukitoa kwenye bunduki hii ukakivika kwenye nyingine, mradi ina reli ya meno ya kukishikilia. Wawindaji wa milimani wanavipenda sana.

"Mwenzake amepotea," mgeni alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, kana kwamba kuna mtu amelala karibu. "Nitengenezee kingine. Usiongeze, usipunguze."

"Ndiyo kazi yetu, mzee," Baryal akajibu.

"Na alama..."

Niliinama nikaiona. Chini ya kishikio, mahali viwanda vinapoweka jina, palikuwa na maandishi membamba. Hayakuwa ya Kipashto, wala Kiurdu, wala Kizungu. Kila mstari ulianza vizuri, kisha ukajikunja kurudi ulikotoka. Niliyatazama kidogo tu, meno yakaanza kuniuma.

"Hiyo si mikwaruzo tu?" niliuliza. "Tuiache."

Baryal alicheka. "Kaka, toka lini sisi tunaacha kitu?"

Alikuwa na haki ya kucheka. Darra tunaiga, na fundi anapimwa kwa anavyoiga. Hatusomi tunachokichonga. Mtaani kwetu zimetoka bunduki zenye jina la kiwanda lililokosewa herufi, kwa sababu hata ile iliyoigwa ilikosewa. Marehemu baba aliwahi kuiga kitako cha bunduki chenye ufa, na ufa akauweka. Jirani yetu Toryal mpaka leo akituona anasema, "Nyie mkiletewa bunduki yenye nzi, mtatengeneza na nzi." Tunacheka naye, lakini moyoni tunajivunia.

"Una mtoto?" mgeni alimuuliza Baryal.

"Mmoja. Wa kike. Mama yake alifariki."

"Unampenda?"

Kwetu mwanamume haulizwi hivyo na mtu asiyemjua. Baryal aliitazama tupa yake. "Yeye ndiye anayenirudisha nyumbani," akasema.

Mgeni akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mteja aliyepata saizi yake. Akaondoka. Harufu haikuondoka naye.

Mwili wa kibanio haukumpa Baryal taabu. Taabu ilianza na alama. Alipochonga mstari wa kwanza, tindo iliteleza ikamkata kidole, naye akaendelea kuchonga. Mimi ndiye niliyeiona damu mezani.

"Hakiumi," alisema, akikitazama kidole chake. "Kina ganzi."

"Nenda kakifunge."

"Kwa nini? Hakiumi."

Nyumbani tunakaa ua mmoja, na Zarlakhta ndiye anayetupikia sote. Mke wangu ana ulimi, na kwa miaka mingi ulimi huo ndio umekuwa ukinichekesha nikirudi nimechoka. Jioni iliyofuata alimwambia Baryal, "Shemeji, hiyo chai nimeitia chumvi makusudi. Umeimaliza yote. Umeshakuwa ng'ombe?"

"Ilikuwa nzuri," Baryal akasema.

Zarlakhta alicheka peke yake. Halafu akaacha kucheka.

Alama ilikamilika siku ambayo kwetu huhesabiwa ya nuksi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Baryal alipopuliza vumbi la chuma na kukijaribu kibanio. Alivuta kishikio.

Tak.

Sauti ile haikutoka mezani.

Ilitoka kifuani mwake.

Nilimshika bega, nikamuuliza kama ameisikia. Aliniambia kazi imeisha, akakiacha kibanio kando ya kile cha mgeni, akafuata njia ya nyumbani. Nilimfuata nyuma, bado kuna mwanga.

Mwanawe Wreshmina alikuwa na mchezo wake. Kila jioni hujificha nyuma ya lango, na baba yake akiingia humkalia juu ya mguu na kuukumbatia. Baryal hutembea naye hivyo mpaka barazani, akijifanya hajui, anauliza hewani, "Mbona mguu wangu umekuwa mzito?" Siku ile alimrukia kama kawaida. Baryal alitembea. Hakuuliza kitu. Mtoto alikuwa anacheka, anasubiri.

Barazani Baryal aliinama, akavibandua vidole vya mtoto kimoja kimoja, akamweka pembeni.

"Huyu mtoto wa nani?" aliuliza.

"Acha utani wako," Zarlakhta akamwambia.

Hakuwa anatania. Niliyaona macho yake. Alimtazama Wreshmina kwa heshima, kama unavyomtazama mtoto wa watu, kisha akaenda kukaa kwenye kitanda cha kamba akaukodolea macho ukuta. Wreshmina aliduwaa, midomo inamcheza. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Zarlakhta alinivuta jikoni nikamweleza yote. Alininong'oneza, "Bibi yangu alikuwa anasema wapo wachawi wa kufunga mafundo na wapo wa kufungua. Wanamfungua mtu kutoka kwa watu wake. Inaanza na ganzi."

"Na kinachofunguliwa kinakwenda wapi?"

"Nitajuaje? Kakichukue hicho kitu kabla mwenyewe hajaja. Nenda."

Nilikwenda. Sikujua kwamba Wreshmina ananifuata, miguu mitupu, anafuta machozi kwa ushungi.

Mlango wa duka ulikuwa wazi. Mgeni alikuwa amesimama kwenye jiliwa letu na bunduki yake, ndio kwanza anakipachika kile kibanio kipya kwenye reli. Akavuta kishikio.

Tak.

Harufu ya karafuu maiti ikakatika ghafla. Badala yake kukawa na harufu ya mafuta ya mashine na jasho... jasho la mdogo wangu. Nimelala naye kitanda kimoja utotoni, siwezi kulikosea. Mzee aligeuka, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, tabasamu la Baryal.

"Kaka," alisema. Kwa sauti ya Baryal.

Kitu kidogo kikanipita kwa kasi ubavuni. Ni Wreshmina. Alimkimbilia yule mzee, akamkalia mguuni, akaukumbatia.

"Baba," akasema, na akacheka.

Mzee akapiga hatua.

"Mbona mguu wangu umekuwa mzito?"

"Mwache mtoto," nikamwambia.

"Sijamshika," akanong'ona. "Yeye ndiye aliyenishika."

"Huyo si wako."

"Sasa ni wangu. Mimi nilifunguliwa zamani, na aliyenifungua simkumbuki. Hujui ilivyo kukaa mtupu, kaka."

Alikwenda zake kuelekea barabara ya mlimani, bunduki begani, mtoto mguuni anacheka kila hatua. Nilijua wakifika kwenye kona ya barabara hiyo sitamwona tena Wreshmina. Nikamrukia kwa nyuma, nikakamata bunduki, kidole gumba kikakitafuta kishikio. Nilikisukuma.

Kibanio kikadondokea kiganjani mwangu, kina joto.

Uso wa mzee ukawa mtupu. Karafuu maiti ikarudi. Wreshmina alitazama juu, akamwona ni nani amemkumbatia, akaanguka chini akilia. Mzee hakukasirika. Aliniangalia mkono.

"Usikifunge," alisema.

Aliniambia, tena kwa upole. Lakini mimi ni fundi wa Darra. Tangu utotoni tumechapwa kwa kuacha kishikio wazi, maana kishikio kilicho wazi hunasa vitu na kuvunjika. Kidole changu kinakifunga bila kuniuliza. Nilikuwa nimekishika kibanio karibu na mwili, pindo la kanzu yangu likaingia mdomoni mwake, na kidole kikavuta.

Tak.

Niliisikia kifuani.

Wreshmina alinyamaza. Siku zote aliniita baba mkubwa. Aliinuka, akajipangusa vumbi, akanishika mkono.

"Baba," akasema, "twende nyumbani."

Nilimpenda. Nasema wazi, nilimpenda mpaka nikaegemea ukuta kwa uzito wa pendo hilo. Nilijua homa zake zote kama baba anavyozijua, na jinsi alivyozaliwa, na alfajiri ile mama yake alipofariki. Nilipoinua macho, mzee hakuwepo. Nikachungulia dukani, na kile kibanio chake alichotuletea hakikuwepo mezani.

Nyumbani Baryal alinipisha kitandani kama mgeni, akaniuliza kwa adabu kama nimetoka mbali. Zarlakhta alikuja mbio, akanishika mkono wa kanzu.

"Umekipata?"

Nilimtazama. Nilijua jina lake, na kwamba chai yake hunywa bila sukari. Nikatafuta yaliyobaki. Palikuwa pamefagiliwa safi. Pendo la Baryal lilikuwa limekaa mahali pa langu. Reli moja haibebi vibanio viwili mahali pamoja, hilo kila fundi analijua, na mimi sikulifikiria.

Kibanio bado kimeng'ata pindo langu. Nalala nacho. Zarlakhta ameelewa, hana haja ya kuelezwa. Kila siku ananiomba nikifungue, nikivike kwenye nguo ya Baryal. "Mrudishie mdogo wako mtoto wake," ananiambia. "Na mimi nirudishie mume wangu." Maneno yake yote nayaelewa. Baryal mwenyewe haombi chochote. Anachonga kwa tupa kutwa, na vidonda vya mikono yake hufungwa na majirani.

Jana mchana Zarlakhta alidhani nimesinzia, Wreshmina akiwa amelala kifuani mwangu. Aliupenyeza mkono polepole, akakigusa kishikio. Nikamshika kifundo cha mkono, nikakibana mpaka akapiga magoti. Alikuwa analia bila sauti. Nilijua napaswa kumwachia, na nilijua kwamba zamani kidogo nisingeweza hata kuanza kumuumiza. Niliendelea kubana. Mtoto alikuwa amelala, na sikutaka aamke.