Karibu Tusaidiane

Mke wa Nahodha alianza na upande wa kushoto wa sitaha ya mashua iliyopandishwa bandani. Alisugua kwa sabuni na brashi mpaka mikono ikamwishia nguvu, akaenda zake kulala. Asubuhi aliporudi bandani alikuta upande wa kulia nao umesuguliwa, tena umepigwa msasa. Akapitisha kiganja. Laini, na vumbi hakuna hata la dawa.

Alidhani ni wifi yake, akanyamaza. Siku hizi alinyamazia mengi. Tangu mumewe azikwe hakuwa amedondosha chozi hata moja, na watu hawakukawia kumsema. Yeye alijiona amekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Kilichobaki ni ile mashua ya matanga. Msimu wa abiria ulikuwa unabisha hodi, na mashua isipong'aa, yeye na binti yake hawakuwa na pa kushika.

Tatizo ni kwamba mashua ilijaa marehemu kila mahali. Hapa alichoma mbao kwa birika la moto akasingizia jua. Pale kwenye mlango wa chumba cha chini alichonga kwa kisu alama za urefu wa binti yao, kila msimu alama yake. Na kile chuma cha kufungia kamba ndicho mtoto alichoangukia akapasuka kidevu. Kovu lilipopona baba akacheka, akaanza kumwita Kidoti, na jina likamganda hivi kwamba hata mwalimu wake alilisahau lile jingine.

Mchana ule, akiwa amepiga magoti chini ya mlingoti, alisikia msasa ukipita chumba cha chini. Ulipita polepole, ukifuata nyuzi za mbao, vile vile alivyofanya mumewe. Harufu ya mbao mbichi ikapanda, ingawa mashua ile ilikuwa kuukuu.

"Pole na kazi, wifi," alisema.

Msasa ukanyamaza.

"Haya, karibu tusaidiane," akaongeza bila kuinua kichwa, kama asemavyo mtu yeyote aliye kazini.

Msasa ukaanza tena, safari hii kwa kasi. Na hapo ndipo wifi yake alipoingia kwa mlango mkubwa wa banda, debe la vanishi mkononi.

"Unaongea na nani?"

Wakachungulia chini pamoja. Hapakuwa na mtu. Doa la birika lilikuwa limetoweka. Mlangoni, alama za mtoto hazikuwepo. Mbao ilikuwa laini kama kipande cha sabuni kilichotumika.

"Nani kafuta alama za kaka yangu?" wifi alinong'ona, macho yamemjaa machozi. "Na wewe unatazama tu? Huoni uchungu?"

Mke wa Nahodha alijichunguza. Alikumbuka kwamba palikuwa na alama. Aliyezichonga hakumkumbuka.

Wifi hakungoja. Alirudi na mganga, mama mnene mwenye miwani, chetezo kakitia kwenye mfuko wa plastiki, ambaye alilalamikia ngazi kidato kwa kidato. Alipofika juu akanusa, na malalamiko yakakoma.

"Huyu hakuvamia," alisema kwa sauti ya chini. "Kakaribishwa."

"Anataka nini, mama?" wifi aliuliza.

"Kazi. Penye alama ya mtu anapalainisha, na kumbukumbu inayotoka ndiyo chakula chake. Mbao zikiisha atatafuta alama kwingine." Akamgeukia Mke wa Nahodha. "Mimi nafukiza tu, mwanangu. Aliyemkaribisha ndiye wa kumwambia atoke. Ila ujue, alivyokula vitakurudia, vyote kwa mkupuo."

Akafukiza. Moshi ulipotanda msasa ukaanza, kwanza chini ya nyayo zao, kisha ndani ya mlingoti, kisha ukingoni pande zote, ukizunguka na kukaribia na harufu ya mbao mbichi ikiwakaba koo, mpaka wifi akamshika mganga nguo na mganga naye akawa anatafuta kwa mguu ngazi ilipo, na katikati ya hayo yote Mke wa Nahodha akafungua mdomo na kuhisi, kwa mbali, kitu kikimjia: kitanda cha hospitali, shuka iliyovutwa mpaka juu, viatu vya mumewe alivyokabidhiwa mkononi. Kilimchoma kama damu inavyochoma ikirudi kwenye mguu uliokufa ganzi. Na hiyo ilikuwa ncha yake tu.

"Kesho," alisema. "Nimalize vanishi kwanza."

Msasa ukatulia.

Mganga alikusanya makaa yake bila kumtazama. "Mwanzo ulimkaribisha," alisema. "Sasa umemwajiri."

Kesho ile haikufika. Mashua ilipakwa vanishi, ikang'aa, abiria wakaisifia. Mke wa Nahodha alipokea sifa kwa adabu, akalala usingizi mzuri.

Asubuhi moja alikuwa akimsuka binti yake kabla ya shule. Alimshika kidevu amgeuze, na kidole gumba kikapita pale kovu lilipokuwa. Palikuwa laini. Kwenye kola ya sare palikuwa na vumbi jembamba, linanukia mbao mbichi.

"Kidoti," aliita.

Mtoto hakugeuka. "Kidoti ni nani, mama?"

Mke wa Nahodha alitafuta lile jina jingine, la shuleni, hakulipata. Alijua kwamba hapa mama hupiga kelele. Akaitafuta kelele hiyo kifuani, nayo haikuwepo. Nyuma ya mlango wa chumbani msasa ulikuwa ukipita polepole, bila haraka yoyote.

"Pole na kazi," alisema, akachukua kitana, akaendelea kusuka.