Gitaa la Marehemu Nkwabi

Gitaa lilikuwa linanuka kama nyama iliyosahaulika kwenye sufuria. Theonest, fundi wa redio pale Rwamgasa, alidhani panya amefia ndani. Akalitikisa. Hakikudondoka kitu.

"Ni la marehemu baba, mzee Nkwabi," alisema Nyamizi, mpiga gitaa wa bendi moja ya jazi. "Tangu azikwe lilikuwa limefungiwa stoo. Jumamosi tuna harusi Geita mjini, na nikilipiga hivi hivi tarumbeta zinanifunika. Nifungie pikapu."

Pikapu ni kidude cha sumaku kinachokaa chini ya nyuzi na kupeleka sauti kwenye spika kwa waya. Kazi ya asubuhi moja. Theonest alikifunga karibu na shingo ya gitaa, akatoboa tundu ubavuni, kisha akapenyeza vidole viwili kwenye uwazi wa kifuani auvute waya.

Mbao za ndani zilikuwa na uvuguvugu, zinateleza kama ndani ya shavu la mtu. Alipopapasa zaidi, kitu laini kikamkamata vidole na kuanza kunyonya, taratibu, kama ndama.

Akachomoa mkono. Vidole vilikuwa vyeupe, vimekunjamana, vimefunikwa ute wa njano unaovutika. Alitapikia mlangoni. Akanawa kwa sabuni ya unga, akanawa kwa petroli, lakini uvundo ukabaki chini ya kucha.

"Nyamizi," alisema kwa sauti ya chini, "mzee alikuwa anaweka nini humu?"

Nyamizi hakumtazama. "Alikuwa anatemea mate kabla ya kupiga. Mama alikuwa anaona kinyaa, anatoka nje."

Theonest akachomeka waya, akawasha spika, na ingawa hakuna aliyegusa uzi, mle ndani ikaanza kusikika midomo ikijilamba, kisha koo likimeza bila kuwa na cha kumeza, kisha pumzi nzito yenye makohozi, ikipanda na kushuka, ikikaribia, mpaka kitambaa cha mbele ya spika kikalowa na kuanza kudondosha matone sakafuni.

Akang'oa waya.

Kesho yake akamleta Generosa, mganga wa Kharumwa. Mama yule aliitikia shikamoo zao, akanusa gitaa mara moja tu, akaziba pua kwa kanga.

"Ni jini. Nkwabi alitaka vidole vyepesi akapewa, naye akakubali kumlisha mate yake. Tangu afe, huyu hajala."

"Anatoka?" aliuliza Theonest.

"Anatoka. Tunachoma gitaa lote, leo hii."

Theonest alikwenda kuchukua mafuta ya taa. Aliporudi, Nyamizi alikuwa amelikumbatia gitaa.

"Miaka tisa napiga magitaa ya kuazima," alisema, "na hakuna anayenikumbuka nikishuka jukwaani."

Akainama, akaachia mate marefu yakashuka kwenye uwazi. Wote watatu walisikia yakipokelewa. Generosa akachukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Jumamosi alasiri Theonest alikwenda harusini kuangalia mitambo. Hakuwahi kusikia gitaa likipigwa namna ile. Watu waliacha sahani zao wakasogea mbele. Kila wimbo ulipoisha, Nyamizi aliinamisha mdomo kwenye gitaa, nao wakidhani anambusu marehemu baba yake, wakapiga makofi. Theonest, aliyejua, aliinamia mitambo.

Wakati wa mapumziko Nyamizi akamfuata nyuma ya spika. Midomo yake ilikuwa imepasuka, ulimi umekauka, mweupe.

"Fundi," alinong'ona, "hataki tena mate."

"Anataka nini?"

Nyamizi alichutama kwenye boksi la vifaa, akapekua, akatoa wembe wa kumenyea waya. Theonest alimshika mkono.

"Tulichome, dada. Bado hatujachelewa."

Kule mbele watu walikuwa wanaliita jina la Nyamizi, wote kwa pamoja. Akasikiliza kidogo, akauchomoa mkono wake kwa upole, akarudi jukwaani na wembe.