Oili Nzito kwenye Gari la Mkunga

Shule zilipofungwa, Chiriku alihamia gereji. Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, alifagia sakafu, akamwaga mchanga juu ya madoa ya oili, kisha akafuta vifaa na madumu. Jina la Chiriku alipewa na mama yake kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika. Mama huyo ndiye aliyekuwa fundi na mwenye gereji. Lakini aliyesimama nyuma ya Chiriku, mikono kiunoni, akimtolea amri, alikuwa binamu yake.

"Pale kwenye kona bado! Hayo ni macho au vifungo vya shati?"

Binamu huyo alikuwa mtoto wa mjomba wake, mvulana wa miaka kumi na mitano aliyekuja kujifunza ufundi kwa shangazi yake. Wote walimwita Sajini, na jina lilimkaa. Chiriku alimchukia, tusifichane. Alichukia anavyotembea, anavyopiga mluzi, hata anavyokohoa. Sajini naye hakuwa na chembe ya upendo kwa Chiriku. Asubuhi badala ya kusalimiana walirushiana maneno.

Sasa, gereji ile ilikuwa na utaratibu wake. Mama alinunua oili kwa mapipa, akaimimina kwenye madumu mawili yanayofanana kama mapacha. Dumu la oili nyepesi, ya magari madogo ya kisasa, lilifungwa kitambaa cheupe shingoni. Dumu la oili nzito, ya malori na magari makongwe, lilifungwa kitambaa chekundu. Maandishi hayakuwepo, kwa kuwa Mama alisema rangi inatosha kwa mtu mwenye akili.

Asubuhi moja Sajini akavinyooshea kidole vile vitambaa. "Vichafu hivyo! Au unangoja mvua ije ivifue?"

Chiriku akavifungua vyote viwili kwa hasira, akavifua, akavianika. Vilipokauka akarudi navyo, akasimama mbele ya madumu, akaduwaa. Cheupe kilikuwa kwenye lipi? La kushoto au la kulia? Mama alikuwa amelala chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana. Sajini alikuwa pale pale karibu. Angeweza kumuuliza. Angeweza hata kumimina kidogo kwenye kopo, aone oili ipi inateleza na ipi inajikokota. Lakini Sajini angemwona, na angepata la kucheka wiki nzima. Ah, thubutu! Chiriku akafunga kwa kubahatisha, akaenda zake.

Mchana ule gari dogo la mkunga wa zahanati lilikuja kubadilishwa oili. Mama alimwaga oili ya zamani, akafunga nati ya chini, kisha akamwita Sajini. "Jaza nyepesi, usizidishe." Sajini akachukua dumu la kitambaa cheupe, akajaza. Mkunga akaondoka.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa ya baridi kali. Gari lilisikika kabla halijaonekana, likigonga kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo. Mkunga akashuka na kuubamiza mlango.

"Fundi! Njoo usikilize ulichonifanyia! Liligoma kuwaka, na lilipowaka taa nyekundu ya oili haikutaka kuzimika. Nina mzazi ananingoja huko milimani. Akijifungua peke yake, mumewe utamjibu wewe?"

Mama akazima injini, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akaisugua oili kwa vidole viwili. Uso ukamkunjamana.

"Hii ni nzito! Injini hii ina vijia vyembamba ndani. Oili nzito kwenye baridi hii inachelewa kufika juu, na vyuma vinasagana vikavu. Ungepanda nayo mlima kila siku, dada, ungeua injini." Akageuka. "Sajini! Nilikwambia nini jana?"

"Nyepesi, Shangazi. Nilichukua kitambaa cheupe."

"Na uongo juu! Oili ya cheupe iwe nzito hivi? Niliona unapiga soga na wateja huku unamimina. Kusanya nguo zako, urudi kwa baba yako."

Sajini akabadilika rangi. Kila mtu pale nyumbani alijua baba yake alivyomwambia: ukifukuzwa na huko, usikanyage kwangu.

Chiriku moyo ulimruka kwa furaha. Loo, hatimaye! Hapo hapo Mama akamwagiza, "We, lete dumu la cheupe," kisha mwenyewe akaingia chini ya gari kumwaga oili. Furaha ikamwisha Chiriku. Dumu la cheupe ndilo lililokuwa na oili nzito! Akilipeleka, mkunga ataondoka na ugonjwa ule ule.

Akaenda kwenye madumu, akatazama huku na huku. Hakuna aliyekuwa akimwangalia. Harakaharaka akafungua vitambaa, akavibadilisha, akabeba dumu lenye oili nyepesi. Mambo yamekwisha, alijiambia. Gari litapona, na Sajini ataondoka.

Alipotoka nje, Sajini alikuwa amechuchumaa karibu na miguu ya Mama. Yule yule wa amri sasa alikuwa akibembeleza.

"Shangazi, basi nimekosea. Labda nilichanganya. Nitafagia mimi, nitafuta madumu mimi, nitafanya chochote. Usinirudishe tu."

Chiriku akasimama na dumu lake. Ambaye hakukosea alikuwa anaomba msamaha, na aliyekosea alikuwa amebeba ushahidi mkononi! Aibu ilimshika hadi masikio yakawaka.

"Mama, si yeye," akasema. "Nilivua vitambaa nikavifua, nikavirudisha bila kujua lipi ni lipi. Na sasa hivi nimevibadilisha tena ili msijue."

Mama akatoka chini ya gari, polepole. Sajini akamkodolea Chiriku macho. Mkunga akadakia.

"Haya, kesi mtaamua baadaye. Mimi nataka gari!"

Mama akamimina oili kidogo kwenye kopo, akaiinamisha, akaona inateleza vizuri. "Leo simwamini mtu wala kitambaa," akanong'ona. Akajaza, akawasha. Injini ikanguruma kidogo, kisha ikatulia. Mkunga akaondoka bila hata asante.

Mama akamgeukia Sajini kwanza. "Nimekufukuza bila kulifungua hata dumu moja. Nisamehe, mwanangu. Kazi yako ipo." Kisha akamtazama Chiriku. "Wewe, lete rangi na brashi. Andika NYEPESI na NZITO kwenye madumu. Na mkunga akirudi, utamwomba radhi mwenyewe."

Chiriku akapiga magoti kuandika. Sajini akaja akasimama nyuma yake, mikono kiunoni.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungenicheka."

"Ningekucheka, ndiyo. Mpaka jioni. Lakini ningekwambia." Akaondoka bila kugeuka.

Mama alikuwa amesikia. Akafuta mikono, akachuchumaa kando ya binti yake.

"Kutojua si kosa, mwanangu, hata mimi nauliza mafundi wenzangu. Lakini ulipobahatisha, ulihatarisha injini ya mtu na mzazi asiyekujua. Na ulipovibadilisha vile vitambaa kimya kimya, ulikuwa unamfukuza ndugu yako nyumbani. Hilo hata mimi siwezi kulimwaga kwa kufungua nati. Kamwombe msamaha, na asipokujibu leo, kesho nenda tena."

Chiriku akaweka brashi chini, akaenda.