Kibuyu cha Maziwa Ziwani

Huyu Lenku ni rafiki yangu, morani wa Kidete. Kiangazi alipanda milima siku kadhaa na mwenzake Kaelo, kutafuta ziwa la juu la kunyweshea ng'ombe. Wakalipata, wakalala ukingoni.

Alfajiri ukungu ulikuwa mzito, hata Lenku hauoni mkono wake. Kwao morani hanywi maziwa peke yake, basi akamwita Kaelo. Mkono wa baridi ukapokea kibuyu chake cha maziwa, akasikia mtu akigugumia, kibuyu kikarudi chepesi. Ukungu ulipoinuka, Kaelo hayupo.

Alimkuta bondeni mchana, amechubuka miguu.

"Nilikimbia usiku," Kaelo alisema, macho chini.

"Ukaniacha, wewe wa rika langu! Hata kuniamsha?"

"Ningekufikiaje, Lenku? Kuna mtu alikuwa amelala katikati yetu."