Mara Nane Kwenye Rejista

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Linet humsaidia mama yake kukanda unga wa chapati kibandani, karibu na mahali malori hupanga foleni kusubiri kuvuka mpaka wa Malaba. Jumatano hiyo alikanda akiwa amefura kwa hasira. Koo lilikuwa limevimba tena. Hata kumeza mate kulimtoa machozi.

"Meza hizi mbili zilizobaki," mama yake, Roselyn, alisema akimpa kikopo cha dawa.

Dawa hiyo ilinunuliwa ng'ambo, upande wa Uganda, bila Linet kupimwa. Roselyn alivuka, akasema ni koo, akauziwa. Linet akizimeza siku mbili na maumivu kupungua, mama huziweka zilizobaki kwa ajili ya siku nyingine. Majirani nao hufanya hivyo na kujiona werevu. Werevu gani huo, ikiwa ugonjwa unarudi karibu kila mwezi?

"Sitaki zilizobaki! Nataka kupona!" Linet alisema.

"Usinipandishie sauti! Jumamosi tutamaliza hii maneno. Shangazi yako Everlyne amepata mzee huko Moding, anakata kimio. Ukikatwa mara moja, basi."

Mikono ya Linet ilisimama ndani ya unga. Kimio ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi. Sylvia, binti wa jirani, alikatwa chake mwaka uliopita, akavuja damu mpaka akalazwa hospitalini. Sasa ilikuwa zamu yake, na hakuna aliyemuuliza! Alinawa mikono, akachukua mkoba, akaenda shuleni bila kuaga.

Darasani, Mwalimu Mathew alimpokea kwa kejeli.

"Oo, Linet, leo umetukumbuka? Jana koo, mwezi jana koo. Huu ni ugonjwa gani unaofuata kalenda?"

Wanafunzi waliangua kicheko. 

"Basi hesabu, Mwalimu!" alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Fungua rejista uhesabu!"

Mwalimu Mathew aliifungua rejista kwa kishindo ili amuumbue. Kila mara Linet alipokosa shule, yeye mwenyewe alikuwa ameandika pembeni neno "koo", na mbele yake alama ya kuuliza. Alihesabu. Akarudia. Tangu Januari hadi mwezi huo wa Oktoba, zilikuwa mara nane.

"Nilidhani unatoroka shule," alisema polepole. "Nimekukosea."

Alinakili tarehe zote kwenye karatasi. Jioni alifuatana na Linet hadi kibandani, Linet akimsimulia njiani habari za mzee wa Moding.

"Mwalimu, mambo ya nyumba yangu yanakuhusu nini?" Roselyn aliwaka, mwiko mkononi.

"Soma kwanza, mama. Mara nane. Na sasa mnataka kumpeleka kwa mtu wa kisu?"

Levis, kaka yake Linet, alikuwa akichota maji. "Na usiku anakoroma sana," alidakia. "Halafu pumzi inakatika. Mimi humpiga kiwiko ndiyo apumue tena."

"Kwa nini hukuniambia?" mama aliuliza.

"Nilikuambia. Ulisema amechoka."

Roselyn aliikunja ile karatasi, akaiweka mfukoni. Kesho yake alifunga kibanda, akampeleka Linet hospitalini.

Daktari Wabwire alimulika koo la Linet kwa tochi, akamwuliza kuhusu homa, kisha akasoma ile karatasi. Alipoambiwa habari za dawa zilizobaki na mzee wa Moding, uso ulimbadilika.

"Mama, kimio hakina kosa lolote! Yanayovimba ni mafindofindo, haya mawili ya kando, na sasa yanakaribia kugusana. Na dawa haigawanywi kama sukari. Humezwa jinsi daktari alivyoagiza."

"Kwa hiyo yakatwe?" Roselyn aliuliza kwa woga.

"Si kila koo linalouma hukatwa mafindofindo. Watoto wengi hupona, na wengine huacha kuugua wakikua. Lakini mtoto akiugua mara saba au zaidi kwa mwaka mmoja, au mara tano kila mwaka kwa miaka miwili, au akikoroma na pumzi kukatika, lazima aonwe na daktari wa koo. Huyo ndiye ataamua."

Daktari wa koo aliamua yakatwe. Linet alipasuliwa katika likizo ya Novemba. Koo lilimuuma kwa siku kumi hivi, akaishi kwa uji uliopoa na maziwa. Baada ya hapo alianza kulala bila kukoroma.

Shangazi Everlyne alipokuja kumjulia hali, alibetua midomo. "Moding mngemaliza kwa siku moja tu."

"Wifi, nyamaza!" Roselyn alisema kwa ukali. "Ugonjwa ukirudirudi, hesabu mara zake, umpeleke mtoto kwa anayejua. Na mtoto akikwambia anaumwa, msikilize. Mimi sikumsikiliza."

Kisha akamgeukia Linet, machozi yakimlengalenga.

"Siku ile nilikukaripia kwa kunipandishia sauti. Lakini ungenyamaza, Jumamosi ile mzee angekata, na mimi mama yako ndimi ningekushika mikono."